Ramani za kahawa Meru zisikwamishwe na kompyuta

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa, inataka kahawa iingiayo huko ijulikane shamba ilikotoka, na kwamba shamba hilo si msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Kwa wakulima wa Meru hiyo ni kazi ya ramani na picha za setilaiti, inayoelemea kompyuta za kawaida.

Si lazima kila chama cha ushirika kinunue mashine ya mamilioni. Programu inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kukodi iliyo mbali, ofisi ya Arusha ikapokea picha ya skrini tu. Lakini mtandao ukisuasua, hata kuchora mpaka mmoja ni adha. Vyama vikodi kwa pamoja, vikianza kwa majaribio. Mashine izimwe jioni, maana malipo huendelea hata mchoraji akiwa amelala. Nakala za ramani zibaki ushirika.