Ngome yetu yavuja ofisini, si uwanjani

Kila timu ya Pwani ikichapwa mabao matatu ama manne, barzani huwa kuna washtakiwa wawili tu: kocha na beki wa kati. Kocha kapanga vibaya, beki kalala. Nimeifuatilia kwa karibu klabu moja ya hapa kwetu inayocheza ligi za chini za taifa, mechi zake za nyumbani na baadhi za ugenini, na nasema katika kesi hii tunawashtaki watu wasiostahili. Mengi ya mabao yale yalianzia ofisini, wiki kadhaa kabla ya mechi, pale faili za wachezaji zilipobaki bila kukamilika.

Jina la klabu sitalitaja. Hali yenyewe ukiitafuta Ukunda, Changamwe, Kilifi ama Malindi utaikuta, na nikitaja moja zile nyingine zitajiona ziko salama.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya msimu klabu iliwachukua mabeki wawili wa kati. Walifanya mazoezi na wenzao tangu siku ya kwanza, na kila mtu akaona kuwa ngome imepatikana. Siku ya mechi ya ufunguzi wote wawili walikuwa jukwaani na suruali za jinzi, leseni hazijatoka. Mmoja, klabu yake ya zamani ilikuwa haijatoa barua ya kumwachilia. Wa pili, fomu yake ilirudishwa kwa sababu jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halikulingana na la kwenye kitambulisho: huku Athman, kule Athumani. Mechi nne za mwanzo zikachezwa na jozi tatu tofauti za mabeki wa kati.

Straika akifika jana anaweza kucheza leo na akafunga, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ni yeye na lango. Beki wa kati kazi yake ni ya watu wawili, na ukimhesabu kipa, watatu. Nani anapanda kumfuata mshambuliaji, na nani anabaki kumfunika? Nani anapiga ukelele wa "toka!" ili mstari wote upande pamoja na kumwacha mtu ameotea? Kwenye kona, nani analinda mlingoti wa karibu, na nani anaruka na yule mrefu wao? Kocha anaweza kuyachora ubaoni mara kumi, lakini hukaa mwilini kwa watu walewale kusimama pamoja mechi baada ya mechi.

Basi kocha wetu akafanya nini? Akamrudisha nyuma kiungo mkabaji. Aliziba tundu moja akatoboa jingine: mbele ya mabeki hapakubaki mtu wa kukata pasi, na wapinzani wakawa wanapokea mpira katikati, wanageuka, wanalitazama lango. Beki wa kulia akahamishiwa kushoto. Kila akipata mpira ilibidi auvute kwenye mguu wake wa kulia, yaani ndani, penye msongamano. Bao moja la ugenini lilitokana na hilo hasa, na watu wakampigia makelele yeye.

Kuna jambo jingine ambalo kutoka jukwaani halionekani. Wiki nzima ya mazoezi kocha ana la kuchagua: aifunze jozi itakayocheza Jumapili, ama ile anayoitaka leseni zikitoka? Kila siku anaambiwa "kesho". Akiifunza ya Jumapili, ile anayoitegemea msimu mzima inabaki nyuma. Akiifunza ile, Jumapili anaingia na watu ambao hawajafanya kazi pamoja. Hapo kocha naye nampa sehemu yake ya lawama. Alikuwa na kijana wa timu ya vijana, mguu wa kushoto, leseni mkononi, na hakumpa nafasi mpaka mechi ya tano, kwa kuwa akili yake ilikuwa kwa wale waliokuwa jukwaani.

Wako wanaosema angewachezesha tu. Hawezi. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji ziko wazi kwamba mtu asiyesajiliwa akicheza mechi rasmi amecheza kinyume cha sheria. Alama ulizozitolea jasho zinaweza kwenda mezani, na katika ligi zetu, ambapo kupanda na kushuka daraja mara nyingi huamuliwa na alama chache, huo ni msimu mzima kutupwa baharini.

Sasa kwa nini karatasi zinachelewa? Mimi naona sababu tatu, na moja tu kati ya hizo iko mikononi mwa shirikisho.

Ya kwanza ni huku kulipana nusu nusu. Kanuni hizohizo za FIFA zinawajua wachezaji wa aina mbili tu: wa ridhaa na wa kulipwa. Wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi anayepata zaidi ya gharama zake za kucheza. Daraja la katikati, ambalo ndilo wanaloishi vijana wetu wengi, halimo kitabuni. Klabu inampa kijana nauli, chakula na bahasha kukiwa na ushindi, bila mkataba. Siku anayotaka kuondoka hakuna karatasi inayosema amemaliza lini, kwa hivyo barua ya kumwachilia inakuwa silaha. Klabu ya zamani inadai fidia ya mkataba ambao haukuwahi kuandikwa. Klabu mpya inaona bei ni kubwa, inangoja. Dirisha linafungwa.

Ya pili ni vitambulisho, na hili sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Kijana aliyefika miaka 18 anaweza kuzungushwa kwa chifu na kwenye ofisi za usajili kwa muda mrefu, hasa akiwa na jina ambalo afisa analitilia shaka. Wamakonde walingoja mpaka serikali ya Uhuru Kenyatta ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa 2023. Shirikisho linataka stakabadhi, na lina haki, kwa sababu udanganyifu wa umri upo. Lakini klabu inayojua kwamba wachezaji wake wanatoka katika jamii hizi haiwezi kuanza kushughulikia vyeti wiki ya mwisho ya dirisha.

Ya tatu ni mpaka. Tanga iko karibu na Mombasa kuliko Nairobi, na vijana wa Tanga na Unguja ni ndugu zetu. Unamleta beki kwa basi kupitia Horohoro na Lunga Lunga, jioni yuko kwako anakula wali. Kwa FIFA, huo ni uhamisho wa kimataifa sawa na wa kutoka Ureno kwenda Uingereza. Lazima hati ya uhamisho itoke kwa shirikisho la Tanzania, na tangu 2020 hata wachezaji wa ridhaa hupitia mfumo wa TMS wa FIFA. Baadhi ya viongozi wetu hulijua hilo kijana akishafika.

Yawezekana ukasema hata wakubwa huchelewa. Kweli. Leicester City walichelewesha karatasi za Adrien Silva kwa sekunde 14 Agosti 2017, akakaa bila kucheza mpaka Januari 2018. Barcelona walimnunua beki Jules Koundé 2022, wakaanza ligi bila yeye kwa sababu usajili wake ulikuwa haujapita. Lakini hao walingoja huku wana mikataba mikubwa na madaktari wa klabu. Kijana wetu anangoja na nini?

Hili ndilo linaloniuma kuliko alama. Beki asiye na leseni huambiwa, "Bahasha ni kwa waliocheza." Anafanya mazoezi siku nne kwa wiki, nauli yake mwenyewe, asubuhi anaendesha bodaboda ama anabeba mizigo Kongowea. Kwa vile hana mechi, anakwenda kucheza mashindano ya mtaani yenye zawadi ya mbuzi. Akivunjika mguu huko, klabu inasema hakuwa wetu rasmi, na ya zamani inasema alishatuacha. Wala hawezi kwenda kujaribu kwingine bila kupoteza: kwa kanuni, mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu kwa msimu, lakini mechi rasmi achezee mbili tu. Katika umri wa miaka 20, msimu mmoja wa kukaa jukwaani unaweza kumtoa katika mpira kabisa.

Shirikisho lina sehemu yake. FIFA Connect humpa kila mchezaji nambari moja ya kumfuata maisha yake yote, jambo zuri. Lakini fomu ikirudishwa, klabu inafaa kuelezwa siku hiyohiyo kasoro ni nini. Orodha ya waliopitishwa itangazwe mapema, kila klabu na kila shabiki aione, tuache kukisia. Na FKF ikiweka afisa wa usajili hapa Pwani katika wiki za dirisha, katibu wa Malindi hatahitaji kupanda basi la usiku kwa sababu ya herufi moja.

Klabu nazo zisijifiche nyuma ya FKF. Bandari ina mamlaka ya bandari nyuma yake. Klabu ninazozizungumzia zina katibu mmoja wa kujitolea mwenye kibanda cha M-Pesa, na simu yake ndiyo ofisi. Namheshimu, lakini hawezi peke yake. Apewe msaidizi anayejua kompyuta, na kila mchezaji awe na faili yenye nakala zote mwezi mmoja kabla ya dirisha kufunguliwa. Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua ya kumwachilia kijana itolewe siku anayoaga, bila mnada.

Jingine halina gharama hata shilingi moja: tubadilishe foleni. Ada zikipatikana kidogo kidogo, klabu zetu huwalipia mastraika kwanza, maana ndio wanaowavuta mashabiki. Waanze kipa na mabeki wa kati, ambao kukosekana kwao mechi mbili tu huvuruga timu nzima. Naye kocha, wiki mbili kabla ya ligi, achore mstari: asiye na leseni siku hiyo hayumo katika hesabu za mechi za mwanzo, na aliye nayo, hata akiwa mtoto wa timu ya vijana, ndiye anayeandaliwa.

Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya 1965. Kila mara wazee wetu hutuuliza kwa nini Pwani haijaurudia, na sisi hujibu kwa kutaja majina ya makocha tuliowafukuza. Dirisha lijalo likikaribia, wewe mwanachama nenda kwa uongozi wa klabu yako uulize swali moja kabla ya kuuliza la jezi wala la basi: mabeki wetu wawili wa kati, faili zao ziko wapi?