Kuacha Dawa Msimu wa Mpunga

Katika Bonde la Kilombero, uamuzi wa kuacha dawa za ugonjwa wa akili haufanyiki mbele ya daktari. Hufanyika Desemba au Januari, familia inapofungasha kuhamia shambani, na hufanyika kimya kimya. Mgonjwa hubeba jembe, panga, chandarua na debe la mbegu. Kifuko cha vidonge hubaki nyumbani Ifakara, au huchukuliwa kikiwa na vidonge vya wiki mbili kwa safari ya miezi mitano. Anaporejea baada ya mavuno, jina lake tayari liko: mtoro wa dawa.

Nina ugomvi na jina hilo. Mtoro ni mtoto aliyekimbia shule. Mtu mzima anayeacha klopromazini ili aweze kupanda mpunga amepima mambo mawili na kuchagua moja. Huenda amechagua vibaya, na nitaeleza hapa kwa nini mara nyingi njia anayoitumia ni ya hatari. Lakini amechagua, tena kwa sababu anazoweza kuzitaja mtu akimuuliza. Kisa chote kimo katika kuulizwa huko. Tumejenga huduma inayomwuliza mgonjwa kama amemeza, isiyomwuliza kama anataka kuendelea kumeza.

Kwa wasiolijua bonde hilo, ni lazima nieleze kidogo. Mto Kilombero hufurika kila masika, na furiko hilo ndilo linalolisha mpunga ambao jina lake limeenea katika masoko ya Dar es Salaam. Mashamba mengi yako mbali na vijiji. Familia hujenga vibanda na madungu, zikakaa huko miezi kadhaa kupanda, kupalilia na kuamia ndege. Watafiti wa malaria wamelisoma jambo hili kwa undani, kwa kuwa mbu humfuata mkulima hukohuko. Kabla ya daraja kufunguliwa, aliyetaka kuvuka mto kati ya Ifakara na upande wa Ulanga alitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja limeleta nafuu kubwa, ila haliifupishi njia ya matope kutoka kibandani hadi barabarani wakati maji yamejaa.

Sasa tuangalie dawa zenyewe. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na pamoja na haloperidoli na sindano ya mwezi ya flufenazini, ingali nguzo ya tiba katika hospitali zetu. Nguvu yake haina ubishi: hutuliza sauti, hurudisha usingizi, humrudisha mtu mezani na nduguze. Lakini humlegeza, hukaza viungo, hutetemesha mikono, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Anayeandikiwa dawa hiyo katika bonde letu hushinda juani tangu alfajiri, ameinama ndani ya maji, akiitumia mikono hiyohiyo kupandikiza miche. Zaidi ya hayo, dawa hizi huongeza hamu ya kula. Kwa mfanyakazi wa mjini hilo ni tatizo la unene. Kwa familia ya mkulima, Januari na Februari ndiyo miezi ghala inapokaribia kuwa tupu, na mgonjwa anayeomba sahani ya pili huonekana mchoyo na mvivu kwa pamoja: amelala mchana, halafu amekula chakula cha watoto.

Yapo pia yale yasiyosemwa mbele ya foleni. Haloperidoli na wenzake huweza kumkatisha mwanamke hedhi, zikamtoa maziwa asiyenyonyesha mtu, na huweza kumpunguzia mwanamume nguvu za ndoa. Binti aliyeolewa karibuni, ambaye mama mkwe anahesabu miezi, ana sababu nzito ya kuvitupa vidonge chooni. Hamwambii muuguzi. Muuguzi ana wagonjwa wengi nje, mlango uko wazi, na swali lake ni moja tu: unatumia vizuri? Jibu ni ndiyo.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa bonde hilo, alinieleza shida hii kwa maneno machache kuliko yangu. "Mwalimu," alisema, "nikimeza siugui, ila sisomi. Nikiacha nasoma, ila sijui hadi lini." Sikuwa na jibu la kumpa, na hata daktari bingwa asingekuwa nalo kwa uhakika. Sababu ni hii.

Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi juu ya dawa hizi kwa watu wenye skizofrenia. Katika mwaka mmoja, kati ya watu 100 walioendelea na dawa, ugonjwa uliwarudia 27. Kati ya 100 walioachishwa, uliwarudia 64. Mwenye akili timamu hawezi kuipuuza tofauti hiyo. Hata hivyo, zisomeni tena namba hizo: 36 walioacha hawakuugua ndani ya mwaka huo, na 27 waliomeza kila siku waliugua vilevile. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha habari za watu 103 waliofuatiliwa kwa miaka saba tangu ugonjwa wao wa mara ya kwanza. Waliopunguziwa au kuachishwa dawa mapema kwa uangalizi walipona kwa asilimia 40, na walioendelea na dozi kwa asilimia 18. Wengi wakashangilia. Kisha mwaka 2023 ukaja utafiti wa Uingereza wa watu 253, wengi wao wakiwa wameugua kwa miaka mingi: waliopunguza dawa polepole hawakupata nafuu ya maana katika maisha yao ya kijamii baada ya miaka miwili, na waliougua tena vibaya walikuwa 25 katika kila 100, dhidi ya 13 kwa wenzao.

Sizileti namba hizi ili kumsukuma mtu upande wowote. Nazileta kwa sababu zinaonyesha kwamba swali la kuacha ni swali halali la kitabibu ambalo wataalamu wenyewe wanaligombania. Daktari anajua wastani wa mamia ya watu. Mgonjwa anajua mikono yake, usingizi wake na ndoa yake. Hakuna kati yao anayejua mapema kama huyu mmoja ni wa kundi la 64 au la 36. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na watu wawili waliokaa chini wakazungumza, wakakubaliana pia watafanya nini mambo yakiharibika.

Anayeamua peke yake kibandani hukutana na mtego ambao hakuna aliyemwonya. Ubongo uliozoea dawa kwa miaka hujirekebisha ili uishi nayo. Ukiiondoa ghafla, huweza kufuata siku za kukosa usingizi, wasiwasi na kichefuchefu, na uwezekano wa ugonjwa kurudi huongezeka. Ndiyo maana wataalamu wanaokubali kuachisha hupunguza kwa miezi mingi, hatua kwa hatua, na hatua za mwisho huwa ndogo zaidi na za polepole zaidi. Pili, na hili ndilo linalowaponza wengi, ugonjwa mara nyingi haurudi siku ileile. Hukawia wiki, au miezi. Aliyeacha Desemba anaweza kujisikia mwepesi Januari: mikono imetulia, usingizi wa mchana umekwisha, analima kuliko kaka zake. Kila mtu kibandani anaona ushahidi kwamba hakuwa mgonjwa tena. Ikifika Machi anaanza kusikia anaitwa kutoka mtoni, maji yamejaa, na hospitali iko ng'ambo. Familia inayojua tiba moja tu ya dharura hutafuta kamba.

Kuhusu kifafa, ambacho katika nchi yetu hutibiwa katika kliniki hizohizo za afya ya akili, sitaki kuacha nafasi ya kueleweka vibaya. Kukatiza fenobabitoni ghafla kunaweza kuua. Jirani zetu wa Mahenge wanalijua hilo kuliko wengi. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko karibu mwaka 1960. Yeye na Daktari Henry Rwiza wa Tanzania walipochapisha mwaka 1992 ufuatiliaji wa miaka 30 wa wagonjwa 164, ilionekana kwamba kwa zaidi ya nusu yao dawa ile ya bei rahisi ilikuwa imekomesha degedege kabisa. Pia ilionekana kwamba 110 kati yao walikuwa wamekwisha kufariki, na miongoni mwa sababu zilikuwamo mishtuko isiyokatika, kuzama majini na kuungua moto. Mtu wa kifafa anayetaka kuacha dawa ana haki ileile ya kusikilizwa, lakini asikilizwe kabla ya kukosa hata dozi ya siku moja.

Huwa naambiwa kwamba tatizo ni waganga na wahubiri. Ni kweli wapo wanaomwambia mgonjwa kwamba akiendelea kumeza hana imani, au kwamba dawa ya hospitali inaikimbiza dawa ya miti. Wanaofanya hivyo wanastahili kukemewa kwa majina ya vyeo vyao. Hata hivyo, mganga humpa mgonjwa saa nzima. Humwuliza ugonjwa ulianza lini, nani alikuwapo, ameota nini, mkewe anasemaje. Ushauri wake unaweza kuwa mbaya, na bado akawa mtu pekee katika wilaya nzima aliyeuzungumza uamuzi huo na mwenyewe. Wapo pia ndugu ambao, kwa upendo na uchovu, husaga kidonge wakakitia ndani ya chai. Nawaelewa. Siku mgonjwa akigundua, hatakunywa tena chai ya mama yake, na ugonjwa wa kudhani kwamba watu wanamwekea sumu utakuwa umepata shahidi.

Yapo tunayoweza kuyafanya, na bonde hili lina uwezo kuliko sehemu nyingi za nchi. Ifakara ina taasisi ya utafiti yenye mizizi tangu mwaka 1949. Tangu 1996 kaya za Kilombero na Ulanga zimekuwa zikihesabiwa, kuzaliwa na kufa, na mbu wa huko nadhani wana kumbukumbu nzuri kuliko watumishi wengi wa umma. Mkoa wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ndiyo iliyochaguliwa katika miaka ya 1980 kuanzisha mpango wa taifa wa kushusha tiba ya akili hadi zahanati. Tena tunao mfano hai. Anayeishi na VVU leo, akiwa imara, hupewa dawa za miezi mitatu au sita, kwa sababu tulikubali kwamba mtu ana maisha mbali na kliniki. Akipotea, hutafutwa. Kwa nini mkulima mwenye skizofrenia aliyetulia miaka miwili apewe vidonge vya mwezi, katikati ya masika?

Na hapo ni dawa zikiwapo. Sera yetu inasema matibabu ya ugonjwa wa akili ni bure, na jambo hilo ni jema. Lakini dawa ya bure isiyokuwapo rafuni humtuma mgonjwa duka la dawa, na asipokuwa na fedha huwa ameachishwa ghafla, bila kupunguziwa, bila kuulizwa, na serikali ileile inayomwita mtoro. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inashughulika zaidi na kumpokea na kumzuia mtu hospitalini. Juu ya mtu aliye kwake, mwenye kidonge mkononi na shaka kichwani, ni watumishi wa wilaya wenyewe watakaoamua kama atakuwa na wa kumwambia. Wanaharakati nao wametuzoesha kusema "changamoto ya afya ya akili", neno laini lisilomchoma mtu. Ningefurahi kama wangedai kwa ukali uleule benzeksoli ya kupunguza mitetemo, ambayo ikikosekana mgonjwa hana budi kuchagua kati ya wazimu na kutetemeka.

Kinachohitajika si kikubwa. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, kila kliniki ya afya ya akili kuanzia Kidatu hadi Mlimba na Malinyi iwaulize wagonjwa wake maswali machache, mlango ukiwa umefungwa: Msimu huu utalima wapi, na kwa muda gani? Umewahi kuacha dawa? Ulikaa siku ngapi, na ilikuwaje? Unafikiria kuacha sasa? Anayejibu ndiyo asikaripiwe. Wengine watabadilishiwa dawa au muda wa kumeza, klopromazini ya asubuhi ikawa ya usiku. Wengine watapunguziwa kidogo, chini ya macho ya mtu waliyemchagua, ambaye ameelezwa dalili za kwanza za hatari: usingizi kukatika, maneno kuongezeka, kujitenga. Wengine watashauriwa wasiguse chochote hadi baada ya mavuno, wakiwa nyumbani, karibu na hospitali. Anayeyasoma haya akiwa na kidonge chake mezani asikiache leo kwa sababu yangu. Aende na maswali hayo yeye mwenyewe, kama hakuna atakayemwuliza.

Yule mwanafunzi bado anameza, nusu ya dozi ya awali, kwa makubaliano na daktari wake yaliyochukua miezi saba. Likizo ya Januari atakwenda kuwasaidia wazazi shambani. Amekwisha kuomba dawa za miezi miwili, na anasubiri jibu.