Usingoje tisheti ya mheshimiwa, jifunze kuichapa

Uchaguzi wa Agosti 2027 unanukia, na unajua kitakachofuata. Gari litasimama mtaani, tisheti zitarushwa kutoka juu, na vijana watavutana mashati wakizigombania. Swali langu ni moja: kazi ya kuzichapa alipewa nani? Si wewe. Sisi tumepewa kazi ya kuvaa.

Hapo ndipo tunapolala. Kuchapa tisheti kwa skrini si uganga. Mimi chuo niliacha, na hakuna mteja amewahi kuniitisha cheti.

Tafuta fremu ya mbao, fundi wa jua kali atakupigia. Ivutie kitambaa chepesi chenye vitundu vidogo hadi kikaze kama ngozi ya ngoma. Ongeza rangi ya nguo, ile ya maji, na kipande cha mpira kilichonyooka cha kuivutia. Anza na karatasi: chora herufi, zikate kwa wembe, weka karatasi chini ya fremu, vuta rangi. Karatasi italowa baada ya tisheti chache, lakini mkono utakuwa ushazoea.

Ukitaka picha yenye mistari midogo, utahitaji emulsheni. Unaipaka kwenye skrini mbali na mwanga, inakauka, unaweka juu yake mchoro mweusi ulio kwenye karatasi angavu, kisha unaianika juani. Palipopigwa na mwanga panakuwa pagumu. Palipofichwa na wino panabaki laini, panatoka kwa maji, na hapo ndipo rangi itapita. Wengi hukatia tamaa hapa kwa sababu jua la Nairobi halina adabu: leo linawaka, kesho ni mawingu, na dakika za jana hazifai tena. Jaribu kwanza kwa kipande kidogo, uandike muda.

Rangi ikikauka, piga pasi moto dakika kadhaa. Ukiruka hiyo, mteja atafua mara moja na jina la timu yake liende na povu.

Kuna watakaokuambia siku hizi kuna mashine za kuchapa picha ya rangi zote mara moja. Kweli, na kazi yake ni safi. Lakini hiyo ni ya mwenye mtaji, na stima ikipotea naye anapotea. Fremu yako ukishaiandaa, tisheti ya 50 haikudai maandalizi mapya. Ndiyo maana oda ya tisheti moja ni hasara tupu, ila ya chama, kwaya au timu ya mtaa ina ganji. Kumbuka tu kila rangi inataka fremu yake, kwa hivyo anayetaka rangi tatu alipie tatu. Na nembo za watu achana nazo.

Mheshimiwa naye akikuletea oda, itisha nusu ya pesa kabla hujafungua mkebe wa rangi. Baada ya uchaguzi simu huwa hazishikwi.