Waya Usiofanya Kazi



Ukiingia kanisani Dominika ukamwona Padre amevaa zambarau, huna haja ya kuuliza. Wajua tumo katika Majilio au Kwaresima. Akivaa nyekundu, ni Pentekoste au sikukuu ya shahidi. Hata mtoto wa Komunyo ya kwanza ajua. Rangi husema, kwa kuwa watu walipatana tangu zamani ziseme nini. Juma hili nataka tuzungumze habari za rangi nyingine, zile zilizofichwa ndani ya kamba ya pasi, ya birika la umeme na ya friji. Umeme umefika katika vijiji vyetu vingi, lakini mafunzo ya kuutumia hayakuja pamoja na nguzo.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana kamba ya pasi ya sakristia yetu, ile ya kunyoosha vitambaa vya altare, ilikatika. Nilimwita kijana mmoja afanyaye kazi za umeme sokoni. Aliitengeneza kwa nusu saa, pasi ikapata moto vizuri, nami nikamlipa na kuandika katika daftari la matumizi ya parokia. Sikutazama alichokifanya. Pasi ikatumika miezi mingi bila neno. Kisha siku moja ya masika mama mmoja wa WAWATA alikuwa akipiga pasi bila viatu, juu ya sakafu ya saruji iliyolowa kwa mvua. Umeme ukampiga. Alipiga ukelele nikausikia ofisini. Alipoanguka alivuta kamba ikachomoka katika soketi, na hilo ndilo lililomwokoa. Mkono wake una kovu mpaka leo.

Tukamwita fundi mzee mwenye leseni ya EWURA. Aliifungua pasi mbele yangu. Kamba aliyoiweka yule kijana ilikuwa ya nyaya mbili, badala ya tatu, kwa sababu ya mbili bei yake ni nafuu. Ile skrubu ya kufungia waya wa tatu ilikuwa tupu. Na waya wa moto, ganda lake lilikuwa limeungua kwa joto, shaba imegusa bati la pasi.

Basi tuzitazame nyaya hizo tatu. Katika vyombo vya siku hizi waya wa kahawia ndio waya wa moto, unaoleta umeme. Waya wa buluu ni nyutro, yaani njia ya kurudia. Hizo mbili zatosha kuipasha pasi moto. Wa tatu, wenye mistari ya kijani na manjano, ni waya wa ardhi, au ethi kama mafundi wasemavyo. Huo umefungwa kwenye mwili wa chuma wa chombo, na siku zote hauna kazi. Ukiukata, pasi itapiga nguo vilevile, birika litachemsha chai vilevile. Ndiyo maana watu huutupa, na mwenye pasi hajui kwamba kuna kilichopungua.

Siku waya wa moto unapogusa bati, ndipo waya huo hupata kazi. Umeme hupata njia pana ya kwenda ardhini, hukimbia kwa wingi kupita kiasi, fyuzi hukatika, na pasi hufa kabla mtu hajadhurika. Pasipo waya huo bati zima hubaki na umeme, fyuzi haina habari, nao umeme hungoja njia nyingine ya kufikia ardhi. Njia hiyo alikuwa mama yetu, na miguu yake mitupu.

Usidhani fyuzi ingemsaidia. Fyuzi ya plagi ya pasi ni ya ampia 13. Lakini ampia moja ukiigawanya mafungu kumi, fungu moja tu likipita katika moyo linaweza kumwua mtu. Fyuzi huikinga kamba isiungue. Haimkingi mtu aliyeshika bati. Kipo kifaa cha kuwekwa kwenye ubao wa mita kinachokata umeme mara kinapoona umepotea njia, hata ukiwa sehemu 30 kwa 1000 za ampia moja. Yule mzee alitushauri tukinunue, nasi tumekinunua. Aidha alipima soketi zetu zote, kwa kuwa waya wa ethi ndani ya kamba haufai kitu kama nyumba yenyewe haina nondo iliyozikwa ardhini.

Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa twaweza kuzikagua wenyewe, zikiwa zimekwisha chomolewa ukutani. Fungua skrubu, weka mguu mrefu upande wa juu, utazame ndani. Wa kahawia uwe kulia, penye fyuzi, palipoandikwa L. Wa buluu kushoto, palipoandikwa N. Wa kijani na manjano juu, palipoandikwa E. Huo wa juu uachwe umelegea kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Fyuzi ya 13 ni ya pasi na birika. Kwa taa ya mezani na redio yatosha ya 3. Nimeona plagi ambayo fyuzi imeondolewa ikawekwa karatasi ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa. Mwenye nyumba alijisifu kwamba haikatiki tena!

Jambo lingine lililoenea mno: plagi ya miguu miwili kuingizwa kwa kusukuma kijiti au kifuniko cha kalamu katika tundu la juu. Mguu mrefu wa plagi ya tatu ndio uliokusudiwa kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asiingize msumari. Ukitumia kijiti, umemfundisha mwanao namna ya kuvifungua. Wala si kwamba kila chombo cha nyaya mbili ni kibaya. Redio nyingi na chaja za simu zimetengenezwa kwa ganda lisilopitisha umeme, na nyuma yake utaona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Hizo hazihitaji ethi. Pasi yenye bati isiyo na alama hiyo yahitaji.

Sasa nije kwenye mtego uliomfanya yule mzee akune kichwa. Kanisa letu lilijengwa 1964, na nyaya zake zina rangi za Kiingereza za zamani: nyekundu ya moto, nyeusi ya nyutro, kijani ya ardhi. Enzi hizo kila nchi ilikuwa na mapatano yake. Wajerumani waliitumia nyekundu kwa waya wa ardhi. Fikiri fundi wa London akifungua chombo cha Kijerumani! Ndipo zikachaguliwa rangi mpya, na Uingereza ilitunga sheria ya kamba za vyombo 1969. Mistari ya kijani na manjano iliwekwa kwa sababu wako watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Lakini nyaya za ukutani Waingereza waliziacha na rangi za zamani hadi 2004, na 2006 kazi mpya zote zikalazimika kufuata rangi mpya.

Huku kwetu nyumba nyingi zina za zamani na za sasa pamoja. Mashine yetu ya kusaga hutumia umeme wa njia tatu. Kwa rangi za zamani buluu ni mojawapo ya nyaya za moto, na nyeusi ni nyutro. Kwa rangi mpya buluu ni nyutro, na nyeusi ni ya moto. Fundi akiunganisha jengo jipya na la zamani kwa kutazama rangi tu, anaweza kuua. Kwa hiyo akija kwako, mwangalie kama anazima umeme na kupima kila waya kwa kipimo kabla ya kuugusa. Asiyepima, mshukuru kwa kuja, umwage.

Na mtu akipigwa umeme usimshike. Zima swichi au chomoa plagi; usipoweza, msukume mbali kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

Ile pasi imefungwa kamba mpya ya nyaya tatu, na mama yetu amerudi kazini akiwa amevaa kandambili. Kamba mbaya nimeitundika ofisini. Anayetaka aje aitazame baada ya Misa. Limebaki sanduku moja. Marafiki wa Marekani walituletea kipaza sauti kizuri cha kwaya. Huko umeme wa majumbani ni volti 120, nusu ya 230 zetu, na waya mweusi kwao ndio wa moto, mweupe nyutro. Vijana wa kwaya huniuliza kila Jumamosi kwa nini sikiwashi. Kimo stoo, chini ya rafu ya mishumaa, mpaka transfoma itakapopatikana na yule mzee aje kukifungua.