Shukrani ya Punda, au ya Aliyempanda?

Kila msimu wa hija ya Kedarnath unapomalizika, mazungumzo ya vibarazani hapa Manfuha, kusini mwa Riyadh, huwa yaleyale. Wafanyakazi wenzetu wa Kihindu, kutoka India na Nepali, wamerudi likizo na picha zao: mtu yuko juu ya mnyama, nyuma yake mlima wa theluji. Basi jamaa zetu hucheka: "Eti hija gani hiyo ya kubebwa na farasi?"

Kicheko hicho tunakipinga. Kwanza, hakina adabu. Wahindu tumeishi nao Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, wengi wetu tumekutana nao tena Leicester. Pili, na hili ndilo kubwa, kicheko hicho kinamtazama mpandaji na kumsahau aliyepandwa.

Tupige hesabu kidogo, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Njia ya kutoka Gaurikund hadi hekalu la Kedarnath, katika jimbo la Uttarakhand, ni kama kilomita 16. Huanzia karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kuishia karibu mita 3,600. Jengo la Kingdom Centre hapa Riyadh lina urefu wa mita 302. Kwa hiyo mnyama humpandisha mtu mzima, pamoja na matandiko, zaidi ya mara tano ya kimo cha jengo lile, juu ya mawe yenye utelezi, huku hewa ikizidi kuwa nyepesi. Na wengi wao si farasi bali ni nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti. Ni mtoto wa punda dume na farasi jike.

Watu hudhani kupanda ndiko kuzito. Kwa mapafu ni kweli. Kwa miguu, kurudi ni balaa zaidi. Hata penye tambarare, mnyama wa aina hii hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kwenye mteremko uzito wa mpandaji nao huelemea mbele, tandiko huteleza na kuchubua mabega, na kila hatua ni pigo kwenye kwato na viungo. Hujaji amekwisha pata baraka zake, ana haraka ya kuwahi basi. Mwenye mnyama naye ana haraka, kwani msimu ni wa miezi kama sita tu na watoto wanataka kula mwaka mzima. Katikati ya haraka hizo mbili yuko asiyeweza kusema amechoka. Mei 2025 ilibidi serikali ya jimbo isimamishe kwa muda safari za nyumbu na farasi katika njia hiyo, baada ya wanyama zaidi ya 10 kufa kwa siku mbili.

Je, dini ndiyo iliyosema hivyo? La hasha! Jiwe linaloabudiwa Kedarnath, kwa imani ya Wahindu, ni nundu ya fahali ambaye Shiva alijigeuza. Katika Mahabharata, Yudhishthira aliupanda mlima huohuo wa Himalaya kwa miguu yake, na alipofika mlango wa mbinguni alikataa kuingia iwapo mbwa aliyefuatana naye angeachwa nje. Na sisi Waislamu tusijipigie kifua. Tunasimuliwa jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkaripia mwenye ngamia aliyemtesa kwa njaa na kazi. Na Makka nako wako wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu. Ni wangapi wanaporudi nyumbani humtaja aliyewasukuma?

Manfuha inalijua jambo hili. Juni 2013 mafuriko ya Kedarnath yaliua maelfu ya watu. Waliookoka walichukuliwa kwa helikopta, na wanyama wengi wakaachwa huko milimani. Novemba mwaka huohuo, katika msako wa wasio na vibali, mitaa yetu hii ilishuhudia ghasia na vifo, na katika miezi iliyofuata Wahabeshi zaidi ya 150,000 walirudishwa kwao. Hatumfananishi binadamu na mnyama. Tunafananisha tabia ya wanaobebwa: safari ikiisha, mgongo uliowabeba hawaujui tena.

Watatokea watakaosema kwamba mashine itamaliza udhia huu. Kweli, Machi 2025 serikali ya India iliidhinisha magari ya kuning'inia kwenye waya kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, kilomita 12.9, ili safari ya saa 8 au 9 iwe ya dakika 36. Sisi mainjinia tunaipenda mitambo. Lakini mtambo hauponyi kidonda cha nyumbu wa leo, wala haumpi ugali mwenye nyumbu siku atakapokosa abiria. Hesabu ya mradi isiyomtia huyo ndani haijakamilika.

Kwa hiyo wenzetu wa Kihindu tunawaomba, badala ya kuwacheka: aliye mgonjwa au mzee na apande, hapana lawama. Aliye mzima, akubali kubebwa wakati wa kwenda tu, na kurudi ateremke kwa miguu yake. Kabla ya kupanda, tandiko liinuliwe, mgongo utazamwe. Mwenye mnyama aulizwe hii ni safari ya ngapi leo. Na akisema mnyama apumzike, alipwe ujira wake uleule bila ya kununa.

Wahenga wetu walisema shukrani ya punda ni mateke. Walisema wao waliokuwa juu ya mgongo. Punda bado hajaulizwa shukrani ya binadamu ni nini.