Jumba la Nyayo na Deni Lisilolipika kwa Kimya

Kila siku ya kazi, jua likiwa bado halijapanda, wananchi hupanga foleni nje ya jumba refu lililo pale Kenyatta Avenue inapokutana na Barabara Kuu ya Uhuru jijini Nairobi. Wengi wamefuata pasipoti. Wameshika fomu na vyeti vya kuzaliwa, na hofu yao kubwa ni kuambiwa warudi kesho. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba chini ya sakafu wanayoikanyaga kulikuwa na vyumba ambamo Wakenya wenzao walitiwa uchi, wakanyimwa chakula, na kusimamishwa katika maji usiku na mchana.

Jumba hilo ni Nyayo House. Lilijengwa kati ya mwaka 1979 na 1983, nalo lina ghorofa 27. Jina lake lilitokana na wito wa Rais Daniel arap Moi, aliyeingia madarakani mwaka 1978 akatangaza kwamba angefuata nyayo za mtangulizi wake, kwa kaulimbiu ya amani, upendo na umoja. Lilikusudiwa kuwa makao ya utawala wa mkoa na idara nyingine za serikali, na kazi hiyo lilifanya. Sisi hatuna ugomvi na saruji wala vioo. Swali letu ni hili: ilikuwaje nyumba ya kuwahudumia wananchi, iliyojengwa kwa kodi yao, ikawa nyumba ya kuwatesa?

Jibu lake linaanzia nje ya jumba lenyewe. Mwezi Juni 1982, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Tangu siku hiyo, mtu mwenye maoni tofauti hakuwa tena mpinzani. Alihesabiwa kuwa adui. Msako dhidi ya walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya ulipopamba moto mwaka 1986, wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari, wakulima na wafanyabiashara walichukuliwa na makachero, wakafungwa vitambaa machoni, wakazungushwa mjini ili wasijue wanakopelekwa, kisha wakateremshwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House.

Ushahidi wa walionusurika unalingana. Walieleza vyumba vyenye giza, sakafu iliyojazwa maji, upepo wa baridi na wa joto uliopulizwa kwa zamu, njaa na kipigo. Walieleza pia lifti. Mfungwa alipandishwa kutoka chini hadi ghorofa za juu kabisa, akawekwa mbele ya jopo la wahojaji, na akikataa kukiri alirudishwa majini. Katikati ya vituo hivyo viwili palikuwa na ofisi ambamo makarani walipiga chapa barua na wananchi walihudumiwa. Lifti ilizipita zote, na kazi za siku zikaendelea.

Waliokubali kutia sahihi walifikishwa mahakamani, mara nyingi jioni saa za kazi zikiwa zimekwisha, bila wakili, wakakiri kosa na kupelekwa jela. Mwandishi Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa safu yake ya Whispers, alipitia njia hiyo mwaka 1986. Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, hakufika mahakamani kamwe. Alifariki Februari 1987 baada ya kuwa mikononi mwa polisi wa usalama. Mwezi huo huo wakili Gibson Kamau Kuria alijitayarisha kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja waliodai kuteswa, naye akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Wapo wanaodhani kwamba mambo hayo yalitendeka kwa sababu sheria haikuyakataza. Hilo si kweli. Kifungu cha 74 cha katiba ya wakati huo kilipiga marufuku mateso waziwazi. Kilichokosekana ni mtu wa kukisimamia kifungu hicho bila kuhofia kazi yake. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu aliondolewa ulinzi wa kikatiba wa kubaki kazini, na mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa. Hakimu asiye na hakika ya kesho yake atauliza vipi kwa nini mshtakiwa aliye mbele yake anachechemea? Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, wakati kilio cha mageuzi kilikuwa hakizuiliki tena.

Kifungu cha 2A nacho kilifutwa Desemba 1991. Miezi michache baadaye, ng'ambo ya barabara kutoka jumba hilo, katika Bustani ya Uhuru, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi na kugoma kula, pamoja na Wangari Maathai. Polisi waliwavamia Machi 1992, nao mama zetu wakavua nguo kuwalaani waliowapiga. Walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints na kuendelea kudai wana wao. Tunapotaja ushindi wa vyama vingi tukawasahau wale mama, tunakuwa tumehesabu kura tu, tukaacha thamani yake.

Februari 2003, serikali mpya ya NARC ilifungua vyumba vile. Walionusurika waliingia wakalia, wakaonyeshana kuta walizozitambua kwa kupapasa. Iliahidiwa kwamba pangehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Kisha milango ikafungwa tena, na ahadi ikapita serikali moja hadi nyingine bila kutimizwa. Julai 2010, Mahakama Kuu iliwapa ushindi walalamikaji 21 na kuamuru walipwe fidia. Wengine wengi walishinda baada yao, lakini kushinda kesi na kulipwa yamekuwa mambo mawili tofauti, na wapo waliozikwa wakiwa na hukumu mkononi bila shilingi.

Tutaambiwa tusifukue yaliyopita. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 25 kwamba uhuru dhidi ya mateso hauwezi kuwekewa mpaka wowote, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kuzuia mateso. Hata hivyo, baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilirekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara kufikia mwisho wa Desemba. Gari lisilo na nambari, kitambaa machoni, mzazi anayezunguka vituo vya polisi akiambiwa mwanawe hayupo: nyayo hizo tunazijua, na tunajua zilikoishia mara ya kwanza.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, vyumba vya chini vya Nyayo House vifunguliwe daima kwa umma na vikabidhiwe kwa watunzaji wa turathi za taifa, wala visisimamiwe na idara yoyote ya usalama. Pili, kumbukumbu za waliozuiliwa humo, na za waliowahoji, zitolewe hadharani. Tatu, fidia zilizoamriwa na mahakama zilipwe walionusurika wangali hai kuzipokea.

Tunatamani siku ambapo kijana aliyekuja kuchukua pasipoti ataweza, akisubiri jina lake liitwe, kuteremka ngazi na kuona kwa macho yake kilichotendwa kwa jina la serikali. Atakapopanda tena, atakuwa na kitabu cha uraia mkononi na anajua uraia huo uligharimu nini. Serikali isiyo na la kuficha haitamzuia kushuka.