Konseto ya Fidla na Selo Ipigwe Nyamirambo

Lipo dai ambalo tumelisikia mara nyingi mjini Kigali, nalo ni kwamba muziki wa okestra kubwa za Ulaya ni wa wageni na wakubwa, upigwe katika kumbi za hoteli mbele ya waliovaa tai, na Nyamirambo iachiwe mpira na bendi za harusi. Hiyo ni kasumba, nasi tunaipinga waziwazi. Tunataka konseto ya fidla na selo aliyoitunga Johannes Brahms mwaka 1887 ipigwe Nyamirambo, tena kwa kiingilio asichokishindwa muuza chai.

Ni nani asemaye kuwa uzi unaosuguliwa kwa upinde ni mgeni hapa? Iningiri ya Rwanda ina uzi mmoja tu, nayo ni ndugu wa endingidi ya Uganda. Waswahili nao, ambao Nyamirambo ni makazi yao ya siku nyingi, wanaijua fidla kwa njia ya taarab. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na katika taarab ya huko fidla na selo zimekwisha kuwa vyombo vya nyumbani.

Konseto ni utungo ambao kwa kawaida mpigaji mmoja hutoka mbele akajibizana na okestra nzima. Ndivyo alivyotunga Mendelssohn kwa fidla mwaka 1844, na Dvořák kwa selo mwaka 1895. Katika hii ya Brahms wanaotoka mbele ni wawili, na sababu yake yafaa ielezwe.

Brahms na mpigaji fidla mashuhuri, Joseph Joachim, walikuwa marafiki tangu ujana. Joachim alipomshuku mkewe, Amalie, Brahms alimwandikia mama huyo barua ya kumtetea. Barua ikatolewa mahakamani katika kesi ya talaka, na urafiki ukavunjika. Miaka ikapita. Katika majira ya joto ya 1887, akiwa Thun, Uswisi, Brahms akatunga konseto hiyo na kumwomba Joachim aipige. Tarehe 18 Oktoba mwaka huo, mjini Cologne, Joachim alishika fidla, Robert Hausmann akashika selo, na Brahms mwenyewe akaongoza okestra. Clara Schumann, aliyewafahamu wote wawili, aliiita kazi ya upatanisho.

Okestra ikishatoa kauli fupi, selo huanza peke yake kwa sauti nzito, mithili ya mzee afunguaye mazungumzo barazani. Fidla huja baadaye. Katika sehemu ya pili zote mbili hushika wimbo ule ule, moja juu na nyingine chini, wala hakuna imfunikayo mwenziwe. Hapana shaka watatokea wa kuihubiri kama dawa ya majeraha ya nchi hii. Wasifanye hivyo. Ugomvi wa marafiki wawili haulinganishwi na mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Yatosha kuusikiliza muziki wenyewe.

Sisi wa jeshini tumekulia gwaride, na gwaride ni la tarumbeta na ngoma. Shaba hustahimili jua na manyunyu. Fidla ni mbao nyembamba na gundi. Kwa hiyo onyesho hili lisipelekwe katika uwanja wa mpira, ambao tangu 2023 unaitwa kwa jina la Pelé. Itafutwe kumbi yenye paa na ukimya.

Wapigaji je? Mwaka 1994 mjini Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha Okestra ya Wakimbangu kwa vyombo vichache vilivyopokezanwa kwa zamu. Uzi wa fidla ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulitumika badala yake. Hatimaye wakapiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, yenye kwaya.

Hao ndio waalikwe, si okestra ya ng'ambo itakayopiga usiku mmoja na kupanda ndege asubuhi. Wabaki wiki mbili, wawafundishe vijana wa Nyamirambo kushika upinde, na fedha ambazo zingelipia hoteli za wageni zinunue fidla kumi na selo mbili, zibaki mtaani.